Kiwanja cha Bwana Moto

Palikuwa na Sultani mmoja, jina lake Mwengo, aliyekuwa na ugonjwa wa kuchora. Asubuhi alichora, jioni alichora, na alichokichora kilijengwa, kiwe na akili au kisiwe nayo. Mwaka huo alichora mji mpya, akauita Matongo. Kasri yake akaiweka juu kabisa mlimani, ipate upepo. Vibanda arobaini vya makuti vya raia akavibana chini ya kasri, ubavu kwa ubavu, visimmalizie nafasi. Na chini ya vibanda, hadi bondeni, akaacha nyasi ndefu zinazompita mtu kichwa, maana humo ndimo alimowinda digidigi. Kisha akapiga marufuku: atakayekata hata jani moja atamtambua Sultani ni nani. Mawaziri wakapiga makofi. Mawaziri wale wangepiga makofi hata kama angeuchora mji juu ya mgongo wa tembo.

Mmoja wa waliobanwa humo alikuwa Makwega, mrina asali. Mrina asali anaujua moto kuliko mpishi, kwa kuwa kazi yake ni kuwafukuza nyuki kwa moshi bila kuunguza msitu. Kiangazi kilipokolea, nyasi zikawa rangi ya mkate. Makwega akaziangalia, akamwangalia mkewe, akaviangalia vibanda vya majirani, kisha akashika fyekeo. Alifyeka ukanda mzima chini ya vibanda, upana hatua ishirini, ardhi ikabaki tupu kama kiganja.

Kesho yake alikuwa mbele ya Sultani.

"Wewe ndiye uliyenyoa nyasi zangu?"

"Ni mimi, bwana wangu."

"Basi sikiliza hukumu. Hadi Ijumaa, kila jani liwe limerudi kwenye shina lake, limesimama. Likikosekana moja, vibanda vyote arobaini navihamishia humo humo nyasini, mkae na digidigi."

Watu wa vibandani walikuwa wamejaa uani, na wote walishika vichwa. Makwega naye aliogopa, nisiwadanganye. Ila ulimi wake haukuwa na habari na woga huo.

"Nitajaribu, bwana wangu. Lakini niruhusu niulize jambo dogo kuhusu ramani yako nzuri."

Kusifiwa kwa ramani kulimlainisha Sultani. "Uliza."

"Nimemwona kadhi, ana kiwanja. Waziri ana viwanja vitatu. Farasi wana kiwanja. Tausi wana kiwanja, tena chenye kivuli. Lakini yuko mgeni anayekuja kila kiangazi, na nimemtafuta kwenye ramani sikumwona. Nikaona aibu, nikamfyekea pa kukaa."

"Mgeni gani huyo?"

"Bwana Moto."

Waziri Abeidi alicheka kwanza, halafu akamtazama Sultani kuona kama kucheka kunaruhusiwa.

"Moto," Sultani alisema, "ni raia wangu kama wewe. Havuki mpaka nisipotaka."

"Ameambiwa?"

"Nani?"

"Huyo Moto. Sisi tulipigiwa mbiu. Yeye nani kamwambia?"

Sultani akaona kweli hilo ni pengo katika utawala. Akamwita karani, ikaandikwa amri kwa wino mwekundu: Moto asivuke mpaka wa Matongo, wala asipande mlima, kwa jina la Sultani Mwengo. Ikagongwa muhuri.

"Mpelekee," alimwambia Makwega, "uniletee jibu. Akitii, basi ulinifyekea nyasi zangu bure, na nyote mtahamia nyasini leo hii."

"Sitakwenda mbali, bwana wangu, yuko jikoni kwako. Ila mimi ni mshtakiwa. Nipe Waziri Abeidi awe shahidi."

Wakaenda. Hawakukawia hata kidogo. Waliporudi, Makwega alikuwa amebeba sinia, na kwenye sinia majivu kidogo. Waziri alikuwa anajipuliza vidole.

"Barua iko wapi?"

"Ameisoma, bwana wangu. Ameisoma yote, hakuacha nukta wala muhuri."

Sultani akamgeukia waziri. "Ni kweli?"

"Kweli, bwana wangu. Nilijaribu kumnyang'anya. Hana adabu hata kidogo."

"Hajui mimi ni nani?"

"Nilimwambia," Makwega alisema. "Nikamtajia vyeo vyako vyote, kimoja kimoja. Akauliza unakaa wapi."

Sultani akaisogelea sinia.

"Ukamjibu nini?"

"Mimi si mwongo, bwana wangu. Nikamwambia unakaa juu kabisa. Alifurahi sana. Bwana Moto kuteremka ni mvivu, lakini kupanda mlima anakimbia. Na kwetu sisi hatakaa. Vibanda ni arobaini, vya makuti, vimebanana, atavikanyaga kama ngazi tu. Ngazi uliyomchorea kwa mkono wako."

Sultani akainuka, akaenda dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale hakutazama mandhari, alitazama nyasi. Ule upepo alioutafuta kwa kalamu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, mkavu, unampiga usoni. Akarudi kukaa, akajikohoza.

"Nimeamua," alisema, "kwa busara zangu mwenyewe."

Mawaziri wakapiga makofi kabla ya kusikia ameamua nini.

"Hukumu nimeifuta. Vibanda viachanishwe, na mgeni huyo apewe kiwanja chake. Nyasi zifyekwe." Neno hilo la mwisho lilimtoka kwa taabu. Akawaza digidigi wake, akameza mate. "Makwega, wewe ndiye unayemfahamu. Kiwanja cha Moto kiwe na upana gani?"

"Bwana wangu, mimi niliogopea kibanda cha makuti, nikafyeka hatua ishirini. Wewe una kasri. Woga wako upime mwenyewe."