Picha Tatu za Sayo

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nguo isiyo na mvaaji?"

"La, ipe mvaaji wake!"

Haya, sogeeni, moto ungali na joto.

Hapo kale, katika mji mmoja wa pwani ya nchi ya Wajapani, alikuwako mfumaji jina lake Sayo. Si Sayoko, Sayoko alikuwa mtu mwingine, na habari zake si za leo. Mumewe, Genzo, alikuwa amekwenda visiwa vya mbali kukata miwa. Miaka ikapita, ikapita, ikapita. Sayo akafuma peke yake, akala peke yake, akacheka peke yake, na kicheko hicho ndicho kilichomtisha. Akasema, "Genzo akiisahau sura yangu, hatarudi."

Akavaa kimono chake cha buluu chenye mawimbi meupe, alichokifuma mwenyewe. Jirani yake, Bi Otaki, akamfunga mshipi mgongoni, ule uitwao obi, maana haufungiki vizuri kwa mikono ya mtu mmoja. Akaenda kwa mchoraji. Mchoraji akachora wimbi kwa wimbi, pindo kwa pindo. Uso akautia upesi, macho membamba, kinywa kidogo, kama alivyowachora wanawake wote. Sayo akampa picha kunguru aliyezoea makombo yake, ampelekee Genzo.

Kunguru akaenda, akaenda, akarudi.

"Kunguru, kunguru, umemwona?"

"Nimemwona."

"Amesemaje?"

"Amesema: Nguo naijua. Mwanamke simjui."

Ndipo akaja mjini Renjiro, fundi wa picha za kioo, na sanduku lake la kupigia picha. Bi Otaki akafunga mshipi, Sayo akaenda.

"Tulia, bibi," akasema Renjiro. "Ukipepesa jicho, utatoka huna jicho."

Uso ukatoka ni wake hasa, hata kovu la kidevuni. Lakini sanduku lile lilipindua mambo kama kioo cha kujitazamia: kulia kukawa kushoto, kushoto kukawa kulia. Sayo hakushtuka, kwani ndivyo alivyozoea kujiona.

Kunguru akaenda, akaenda, akarudi.

"Kunguru, kunguru, umemwona?"

"Nimemwona."

"Amesemaje?"

"Amelia, bibi. Ameiweka picha yako kwenye rafu ya wafu wake. Kila alfajiri huipakulia wali, akazungumza nayo."

"Wali wa nini? Mimi nimekufa?"

"Kumbuka ulivyovaa, na kioo kinavyopindua."

Sayo akakumbuka. Kwa Wajapani, aliye hai hulaza upande wa kushoto wa kimono juu ya upande wa kulia. Maiti peke yake ndiye huvishwa kinyume.

Basi akakata shauri: atavaa kama maiti, ili sanduku limtoe akiwa hai. Bi Otaki akaruka nyuma.

"Wee Sayo! Umekufa lini, mbona hatukuitwa matangani? Mimi sifungi mshipi wa maiti!"

Sayo akaufunga mwenyewe, ukakaa upande. Akapita njiani kwenda kwa Renjiro. Mlango ukafungwa, mlango ukafungwa, mlango ukafungwa. Tangu siku ile hakuna jirani aliyekuja kumwomba moto wala kumpa.

Kunguru akaenda, akaenda, akarudi.

"Kunguru, kunguru, umemwona?"

"Nimemwona."

"Amesemaje?"

Kunguru akadonoa kombo kwanza.

"Amefurahi. Amesema: Kumbe yu hai! Basi hakuna haraka. Ile picha ameiondoa rafuni, ameitia kashani mwake pamoja na hii mpya, zisivunjike."

"Na wali?"

"Anakula mwenyewe."

"Na mazungumzo ya alfajiri?"

"Hakuna tena, bibi. Mtu huzungumza na wafu wake. Walio hai huwaambia: ngojeni."

Sayo akakivua kimono, akakivaa upya, kushoto juu ya kulia, ingawa hapakuwa na wa kumtazama. Akapika wali, akapakua bakuli mbili. Moja yake, moja akaiweka mahali alipokuwa akiketi Genzo. Kisha akaanza kupasemesha mahali pale patupu, taratibu, habari za uzi na mvua.

"Bibi," akasema kunguru, "Genzo hajafa."

"Huko, ndiyo, yu hai," akajibu Sayo.

Ngano yangu imekwisha kuvaa, mshipi naufunga hapa. Mafunzo yake: kumlilia aliye mbali ni rahisi, kumrudia ndiko kazi. Nanyi mnaopenda kupigwa picha, tazameni kwanza vifungo vyenu.