Kiti cha Sekiondo

Serikali ilimuuzia Bwana Kihwele kiwanda cha nguo kwa sharti moja: asimfukuze mfanyakazi yeyote. Kihwele akamwita Sekiondo, fundi wa mitambo.

"Kuanzia leo huna kazi. Utakaa kitini mpaka uchoke, uache mwenyewe bila kiinua mgongo. Wenzako wengi wameshaondoka hivyo hivyo."

"Sawa, mkuu. Ovaroli sasa ya nini?"

"Vaa utakacho."

"Na kiti naomba kile cha kuzunguka, nikae mlangoni penye feni. Mgongo, mkuu."

Kihwele akacheka. "Chukua. Hata gazeti nitakununulia."

Sekiondo akaja na suti yake ya harusi, akakaa. Wapakiaji walikuwa wamekwisha kuondoka, Kihwele akawa anabeba marobota ya nguo mwenyewe.

Siku moja akaja mkaguzi kutoka wizarani, mgeni kiwandani, pamoja na waandishi wa habari. Alimpita mtu aliyelowa jasho, akamwinamia msoma gazeti. Katika mashirika yote aliyowahi kukagua, asiye na kazi ndiye mkurugenzi.

"Shikamoo, Mkurugenzi. Mmepunguza watu?"

"Marahaba. Hatumpunguzi mtu. Walioondoka wanarudi Jumatatu, andikeni."

Kihwele akaja mbio, robota begani. "Jamani, huyu si..."

"Si nani?" mkaguzi akauliza.

"Waeleze, kijana," Sekiondo akasema. "Mimi ni nani, na nani kaniweka hapa nikae bure?"

Kihwele akazitazama kamera.

"Ndiye mkurugenzi," akasema, akaliweka robota lake sawa begani.