Matusi ya Fundi Ngwali

Palikuwa na Sultani, Mwidau jina lake, aliyependa mlango wake kuliko watu waliopita mlangoni. Mlango huo wa mvule aliuchonga Fundi Ngwali, mkulima wa muhogo, na maua ya nakshi zake yaliwadanganya hata nyuki. Sultani akawaza: wengine wakijifunza kazi hii, kesho kila mtu atakuwa na mlango kama wangu. Akapiga mbiu: marufuku kufundisha uchongaji! Atakayefundishwa atakatwa dole gumba kwanza, mwalimu wake akitazama. Kisha mwalimu naye akatwe lake.

Haukupita mwaka, nakshi zikaota kijijini kama uyoga. Kwenye vinu, kwenye vitanda, mpaka kwenye banda la kuku la Pandu mgema. Pandu na Ngwali wakakamatwa, wakafikishwa barazani.

"Pandu! Nani kakufundisha?"

"Hakuna, Bwana. Mimi nilikuwa nakwenda kwa Fundi Ngwali kutukanwa tu."

"Kutukanwa?"

"Kila siku, Bwana. Nikishika patasi, ananitukana. Ijumaa ndiyo tunapumzika."

Baraza zima likacheka. Ngwali hakucheka, alikuwa akilipapasa gumba lake. Naye baba yake alimlea hivyo hivyo kwenye patasi: miaka tisa, neno jema hata moja hakulisikia.

"Ngwali! Matusi hayo si mafunzo?"

"Bwana, tusi lingekuwa funzo, punda wote wa mji huu wangekuwa mafundi."

"Tutaona. Leteni ubao na patasi! Nitachonga mimi, utatukana wewe."

"Nikutukane wewe, Bwana?"

"Kama umtukanavyo Pandu. Usipunguze hata moja."

Sultani akakunja mikono ya joho, akagonga. Ubao ukalia kwa!

"Unachonga au unaua nyoka?" Ngwali akafoka. "Polepole, mpasua kuni we!"

Sultani akagonga polepole.

"Na hiyo patasi mbona umeilaza kama mgonjwa? Isimamishe!"

Akaisimamisha.

"Nyuzi za ubao zinakwenda huku, wewe unakwenda kule! Hata mbuzi hufuata njia, kichwa kinu!"

Kilemba kikamwanguka Sultani, asikiokote. Ulimi nje, jasho puani, akazifuata nyuzi. Kibanzi kikajikunja, kikadondoka chenyewe, na pale ubaoni pakabaki jani moja zuri, limetulia.

"Nimechonga!" Sultani akaruka kama aliyeuona mwezi wa Idi. "Mmeona wenyewe! Asubuhi sikujua, sasa najua. Umenifundisha, Ngwali! Umenifundisha mbele ya mashahidi! Kisu kije!"

Kisu kikaja. Ngwali akavuta gogo, akalipangusa vumbi kwa upindo wa kanzu yake, akamsogezea Sultani taratibu.

"Haya, Bwana. Mwanafunzi kwanza. Mimi niko hapa, natazama."