Kwa Nini Jumbe wa Kivungwe Hula Ukoko

Zamani, kabla mji wetu wa Kivungwe haujajua aibu, jumbe alikula kwanza. Chungu chochote kikiepuliwa, wali wa juu ulikuwa wake, na mtumishi wake alipita nyumba kwa nyumba na bakuli. Ulipokuja mwaka wa njaa, chakula kilipungua lakini bakuli halikupungua. Watu waliendelea kupakua. Mkono mtupu haulambwi, walijiambia, na kila mmoja alitaka asikilizwe barazani.

Alikuwapo mjane, Mize, aliyekuwa akilea mjukuu mgonjwa. Asubuhi moja alichukua kaa la jikoni akachora kwenye ukuta mweupe wa baraza. Alimchora Jumbe Ngwali, tumbo limefika magotini, kakaa mbele ya sinia. Juu ya sinia hapakuwa na wali. Palikuwa na nyumba zetu na mapaa yake, na sisi wenyewe tumeinua mikono. Tonge lilikuwa mdomoni tayari, miguu ya mtu inaning'inia nje.

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Hata wazee wa baraza walicheka.

Alasiri Jumbe akaja, akauliza nani kachora. Hapa ndipo ninapoona haya kusimulia. Wale wale waliocheka walimnyooshea Mize vidole, wengine mikono miwili.

Jumbe akaamuru afukuzwe mjini na mjukuu wake. Lakini kwanza chungu chake kiletwe, watu waone jinsi anavyoshiba huku akitukana wakubwa. Kikaletwa. Ndani mlikuwa na ukoko mweusi uliolowekwa maji. Jumbe akavunja kipande, akatafuna, kikakataa kushuka.

"Ndicho anachokula mgonjwa?" akauliza.

"Wa juu ni wako, Jumbe. Huo ndio uliobaki," akajibu Mize.

Jumbe akajifunika uso kwa kilemba. Akafuta amri yake, akamsihi Mize abaki. Mize akakataa. Alisema angeweza kuishi na mtu aliyemnyang'anya wali, lakini si na watu waliocheka naye asubuhi wakamsaliti alasiri. Akambeba mjukuu wake, akaondoka, na hakuna aliyethubutu kumuaga.

Na tangu siku hiyo, katika karamu za Kivungwe watu wote hula kwanza, jumbe akangoja ukoko. Wageni husifu unyenyekevu wake. Akianza kuutafuna ukoko, sisi tunausikia, na mji mzima hutazama chini.