Gari la Chui Lenye Nondo Madirishani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuchemsha chai kama sisi, aliishi pimbi mmoja mjane, jina lake Bi Sikitu. Pimbi mnamjua? Ni yule mnyama mdogo wa majabalini, mnene kidogo, hana mkia wa kujivunia. Bi Sikitu alikuwa na watoto wawili, Tunu na Mdoe. Zamani walikuwa watatu. Yule wa tatu, Riziki, alinyakuliwa na Tai mchana kweupe, njia ya kisimani, mama yake akiwa amemshika mkono.

Tangu siku ile Bi Sikitu aliishi kwa hofu. Kivuli cha wingu kikipita, moyo ndu! Jani likianguka, moyo ndu! Lakini maji hayaji nyumbani yenyewe, na kila asubuhi ilibidi watoke. Ndipo likamwingia wazo moja, likamganda kichwani kama kupe: anunue gari. Gari lina bati juu, na Tai hapasui bati.

Habari hazina miguu, lakini zinatembea. Zikamfikia Chui.

Chui alikuwa na uwanja wa kuuzia magari yaliyotumika, juu kabisa kwenye kilima. Akatuma salamu: “Mwambieni mama yangu Sikitu aje na watoto. Gari lake lipo.”

Mtaniuliza, pimbi anamwendeaje Chui kwa miguu yake mwenyewe? Sikilizeni. Enzi zile wanyama walikuwa na mwiko mmoja mkubwa: mahali pa biashara hakuna kulana. Sokoni, dukani, uwanjani, hata simba alipanga foleni akasubiri chenji yake. Huko njiani, kila mtu na Mungu wake.

Basi Bi Sikitu akaenda, watoto nyuma yake.

“Hodi!”

“Karibu, mama, karibu sana!” Chui alikuwa amevaa koti jeupe, ananukia marashi. “Watoto hawajambo? Ah, wamenenepa, mashallah. Njoo uone chuma.”

Gari lilikuwa jekundu, linameta kama sufuria mpya. Juu bati zito. Madirisha yote ya nyuma yalikuwa na nondo, na kati ya kiti cha mbele na cha nyuma kulikuwa na wavu wa chuma.

“Nondo hizi ni kwa ajili ya nani?” Chui akauliza, akajijibu mwenyewe: “Kwa ajili ya Tai! Aje na makucha yake, ayavunje hapa. Watoto wako watakuwa wanamtolea ulimi.”

Machozi yalimlenga Bi Sikitu. Alimkumbuka Riziki. Laiti angekuwa na gari hili siku ile!

“Bei yake?”

“Gunia moja la mtama.”

“Gunia moja?”

“Kwako wewe, mama yangu. Na nitawafikisha nyumbani mimi mwenyewe, bure, maana najua hujui kuendesha.”

Hapo moyo wake ukafanya ndu! Kwa gunia moja la mtama hununui hata baiskeli mbovu. Akaanza kulizunguka gari polepole. Akaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto.

“Umeliwasha kabla sijafika?”

“Nilikuwa nalipasha moto tu. Wazee hupashwa,” akasema Chui, akacheka he-he-he.

“Na jiwe hili chini ya gurudumu?”

“Breki ya mkono imechoka kidogo. Mimi sifichi, mama! Kilima hiki kina mteremko, jiwe linatosha.”

“Nani alikuwa nalo kabla yangu?”

“Mama Digidigi. Alikuwa anakwenda nalo sokoni tu, basi. Sasa amehamia mbali.”

Bi Sikitu akaanza kuwaza. Mama Digidigi alikuwa jirani yake. Ni kweli hakuonekana tangu mvua za vuli, yeye na wanawe. Lakini alihama bila kuaga? Bila hata kurudisha ungo wa watu aliouazima?

Alipokuwa akiwaza hayo, watoto walikwisha ruka ndani, wanarukaruka juu ya kiti cha nyuma. Chui akausukuma mlango kwa kiwiko. Pwaa! Ukajifunga.

“Unaona? Wamekwisha kubali. Panda nawe, twende.”

“Mama!” Mdoe akaita kutoka ndani. “Tazama nimeokota nini chini ya kiti!”

Akainua kandambili moja, ndogo sana, ya mkanda wa bluu. Bi Sikitu akaitambua. Kandambili ile ilikuwa ya kitindamimba wa Mama Digidigi. Akasogea dirishani, akachungulia. Kwa upande wa ndani mlango haukuwa na kitasa. Mlango wa pili nao hivyo hivyo, palibaki matundu tu. Na rangi ya ndani ilikuwa imekwaruzwa juu chini, juu chini, kwato ndogo zilikuwa zimepigapiga hapo.

Uzuri wa mkakasi, wanangu, ndani kipande cha mti. Nondo zile hazikuwekwa kumzuia Tai asiingie. Ziliwekwa kumzuia mnunuzi asitoke! Wateja walifungiwa nyuma, gari likatoka uwanjani, na huko njiani mwiko ukaisha. Kisha gari likaoshwa, likarudishwa kilimani, likauzwa tena.

Na sasa Tunu na Mdoe wako humo.

Bi Sikitu alitaka kupiga ukelele. Lakini akajua, nikipiga tu, huyu ataruka kwenye usukani aondoke nao. Akaimeza hofu yake nzima nzima. Akacheka.

“Bwana Chui, gari nimelipenda! Kwa kweli limefaa. Ila sasa, shangazi zangu je?”

“Shangazi gani?”

“Hukuwaona? Wanapanda kilima taratibu, saba wote. Wanene, wavivu, hawawezi hata kukimbia. Wamekuja kulionja gari. Kwetu pimbi, chombo kipya kwanza hukaliwa na wakubwa. Nikiondoka na hawa watoto tu, watanuna, watarudi zao.”

Mate yakamdondoka Chui juu ya koti. “Saba?”

“Saba. Washushe watoto, nafasi ipatikane.”

Chui akafungua mlango upesi upesi. Tunu na Mdoe wakashuka. Mama yao akawashika mikono, akaibana mpaka Tunu akasema, “Mama, unaniumiza.”

Wangekimbia? Kilima kilikuwa kitupu, hata kichaka hakuna, na nje ya uwanja Chui ana ruhusa yake. Bi Sikitu akatazama mbali bondeni, akatikisa kichwa.

“Wasiwasi wangu, nafasi. Shangazi mmoja ni mnene kama wewe. Hapa nyuma hawatatosha.”

“Watatosha! Mimi mwenyewe naenea na nafasi inabaki!”

“Wewe? Na koti hilo? Thubutu!”

“Unanibishia gari langu?” Chui akajitosa ndani, akajinyoosha kiti kizima. “Haya! Ona!”

“Umeenea kwa sababu mlango uko wazi. Mkia wenyewe uko nje.”

Chui akauvuta mkia ndani. Lakini mlango hakuutaka ufungwe. “Uache hivyo hivyo. Nimekuonyesha, inatosha.”

Bi Sikitu akageuka, akaweka viganja mdomoni, akapaza sauti kuelekea bondeni kusiko na mtu: “Shangaziii! Rudini nyumbani! Mlango haufungiii!”

“Nyamaza, mwanamke!” Chui akaruka juu ya kiti. Saba! Saba wanarudi! “Nani kasema haufungi? Funga! Funga uone!”

Pwaa!

“Umeona sasa? Haya, fungua.”

Bi Sikitu akawageukia watoto. “Wanangu, jiwe!”

Pimbi huzaliwa juu ya mawe, hulala juu ya mawe. Tunu akachimbua udongo huku, Mdoe huku, mama yao akaokota jiwe jingine akagonga. Gwa! Gwa!

“Sikitu! Mama yangu! Unafanya nini? Fungua!”

Gwa! Jiwe likachomoka. Gari likalia krrrr, likasogea kidogo, likasogea tena, kisha likateremka kilima kama embe lililoponyoka kikapuni. Chui alionekana nyuma ya nondo, kinywa wazi. Kubwi, kubwi, kubwi... chubwi! Likazama kwenye tope la bondeni hadi madirishani.

Watatu wale walisimama wakitazama. Chini kule Chui aliubamiza mlango kwa ndani, bamu, bamu, akilia afunguliwe. Bi Sikitu aliziba masikio. Hivyo ndivyo jirani yake alivyobamiza, na hakuna aliyesikia.

“Mama,” Mdoe akauliza, “nani atamfungulia?”

“Aliyeng'oa kitasa,” akasema Bi Sikitu. Akawachukua wanawe, wakashika njia ya miambani kwa miguu, wakijibanza jabali hadi jabali, macho juu wakimtazamia Tai.

Hurafa yangu imefika mlangoni, nanyi mmeusikia unavyofunga. Basi shikeni hili: kabla hujanunua kilichotumika, mtafute kwanza aliyekitumia, umwone kwa macho yako.