Okidi Iliyolindwa na Watatu

Hapo zamani, na si zamani sana, kwani misumeno ya petroli ilikuwa imeshafika milima ya Taita, msitu wa Mwarungu uliuzwa kwa mfanyabiashara wa mbao. Kijiji kizima kilikunywa maji ya msitu ule. Watu wakaenda kumlilia Bwana Misitu, mtu asiyemwamini hata mkewe.

Akasema, "Nasikia humo mna ua liotalo juu ya matawi, okidi ya zambarau isiyoota kwingine. Nikiiona mtini imechanua, msitu hautakatwa. Majani matupu msinionyeshe. Majani ya okidi yanafanana."

Watatu wakaingia msituni. Mwakio, mrina asali, ndiye aliyeiona juu ya tawi. Righa, hodari wa kukwea, akapanda na kusema ina tumba moja tu. Wakesho, aliyesomea maua, akasema, "Tusubiri lichanue. Asiiguse mtu."

Wakaapa. Lakini wezi wa okidi walikuwa wakizungukazunguka vijijini, na kila mmoja akateremka mlima akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Mwakio akajiambia, "Righa huyu simwamini. Ataiba." Akarudi peke yake, akaifunika kwa majani.

Righa naye akarudi. Akapapasa, akaikuta chini ya majani. "Ahaa! Mwakio ameificha aje aichukue!" Akaibandua, akaifunga kwa kamba kwenye mti mwingine bondeni. Huko ikachanua.

Wakesho akaja, akaona tawi tupu. Akafuata nyayo hadi bondeni. "Kumbe wezi ni hao hao!" Akalikata ua, akalitia katika chupa ya spiriti lisinyauke.

Bwana Misitu akafika. Wakesho akamkabidhi chupa, naye akaigeuzageuza mkononi.

"Ua ni lenyewe, sikatai. Lakini ua la chupani laweza kutoka popote."

Wakampeleka kwenye mti wa kwanza: hamna kitu. Wakampeleka kwenye wa pili: majani matupu, mizizi imefungwa kamba.

"Mmeileta kutoka wapi?" akauliza. Kila mmoja akala kiapo kuwa ni ya humo humo msituni, na kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole. Bwana Misitu akaenda zake. Kesho yake misumeno ikanguruma, na watu wakalia machozi.

Barazani Mwakio akasema, "Mimi niliifunika tu. Niliiacha hai, mtini pake."

Righa akasema, "Usingeificha, ningeihamisha kwa nini? Tena kwangu ndiko ilikochanua!"

Wakesho akasema, "Ningemwachia nani? Mmoja kaficha, mwingine kahamisha. Ua alilolitambua Bwana Misitu ni langu."

"Na yeye je," mama mmoja akapaza sauti, "aliyelitambua kisha akatugeuzia mgongo?" Lakini Bwana Misitu hakuwapo, na hasira ilitaka mtu aliyepo.

Kijiji kikakata shauri: mmoja ahame, wawili wabaki kupanda miti upya.

Mbona mnanong'onezana huko nyuma? Semeni kwa sauti, wenzenu wasikie. Je, ni nani aliyestahili kufunga mizigo?