Nyumba ya Kuingilia Kinyumenyume

Mwaka huo jua liliwaka mpaka vyura wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kuomba maji ya kunawa uso. Mto ulikauka, nyasi zikakauka, na Ngiri, aliyekuwa na jumba kubwa kuliko majirani zake wote wa kando ya mto, akajikuta ana vyumba vingi na hana tone la maji la kulowesha ulimi.

Jumba lenyewe lilikuwa la sifa tu. Alilichukua alipooa, ili wakwe zake wakija waone mambo. Lilikuwa na sebule, ukumbi, na chumba cha wageni ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukilalia, kwa sababu Ngiri alikuwa akikoroma na habari hiyo ilikwisha kuenea. Sasa alikuwa na mke na watoto wadogo, na kila siku aliwatembeza mbali kutafuta maji. Siku aliyomwona kitinda mimba wake, Kijino, amelala njiani kwa kiu na hataki kuinuka, moyo ulimpasuka. Alizitupa sifa zote akaenda kumtafuta dalali.

Dalali alikuwa Sungura, maana kazi yoyote isiyohitaji kubeba kitu huwa ni ya Sungura. Alimsikiliza Ngiri huku anatafuna karanga za Ngiri, kisha akasema liko shimo moja chini ya mlima, jirani kabisa na chemchemi isiyokauka. Muhanga alilichimba, mchwa walipokwisha akahama. Lina chumba kimoja.

"Na sebule?" Ngiri aliuliza.

"Ni hichohicho."

"Na pa kulia chakula?"

"Ukikaa ni sebule, ukila ni pa kulia, ukilala ni chumba cha kulala," Sungura alisema. "Wewe ndiye utakayebadilika, bwana. Nyumba imetulia."

Akamweleza na kasoro yake. Simba hunywa maji kwenye chemchemi hiyo kila jua linapozama, kwa hiyo saa hiyo watoto wote wawe ndani na baba yao mlangoni. Tena akamkumbusha desturi ya wakaao mashimoni, ambayo Ngiri aliijua tangu utoto: shimo lililoachwa huwa mali ya yule ambaye vyombo vyake viko ndani jua likizama. Chombo kimoja kinatosha. Asiye na chombo ni mpita njia, hata kama amelala humo akikoroma.

Hapo lazima niseme jambo moja kuhusu ukoo wa akina Ngiri, msije mkashangaa mbele. Wao huingia nyumbani kinyumenyume: makalio kwanza, kichwa mwisho, ili meno yabaki mlangoni yakitazama nje. Hata hodi huipiga wakiwa wameipa nyumba mgongo. Wanyama wengine huwacheka sana kwa hilo, na Fisi ndiye aliyekuwa akicheka kupita wote.

Nyumbani ikaanza kazi ya kupunguza vitu. Mama Kijino alivipanga vyombo vyake uani, kila kimoja na utetezi wake. Mikeka ilikuwa ya arusi. Chungu kilipika vizuri kuliko vyungu vyote. Kigoda kilikuwa kimezoea umbo lake. Na kinu, kinu kikubwa cha mti mgumu, kilikuwa cha bibi yake aliyemzaa mama yake. Bibi alitwangia humo, mama alitwangia humo, na kila mtoto wa Mama Kijino aliogeshwa ndani ya kinu hicho siku aliyozaliwa. Alikikumbatia akalia waziwazi, bila kujificha.

Ngiri alikaribia kulegea. Alikipima kinu kwa macho, akaupima mwili wake, akakumbuka kile chumba kimoja. "Mama Kijino," alisema kwa upole, "kinu hiki kikiingia, mimi nalala nje."

Mkewe alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kidogo kuliko mume yeyote angependa. Mwishowe akakubali. Wataondoka na watoto na ngozi zao, basi. Ngiri alifurahi mno kwa wepesi huo. Akawa anatembea huku na huku akijisifu kuwa hakuna familia nyepesi kama yake, na katika kujisifu huko ile desturi ya vyombo ikamtoka kichwani kabisa.

Asubuhi ya safari, Mama Kijino alitokea ameshika mkongojo. Ulikuwa mnene, umenyooka, mrefu kumpita mwenyewe, na ncha yake ilikuwa na unga unga. Alisema kiuno kinamuuma tangu uzazi wa mwisho. Ngiri, maskini, alimpa pole.

Wakati huohuo Fisi akapita. Alisimama uani na uso wa msiba, akimwita Mama Kijino shemeji, ingawa ukoo wao haukuwahi kukutana popote. Aliuliza kwa nini vitu vizuri hivi viachwe viliwe na mchwa. "Niachie mimi, shemeji," alisema. "Nitavitunza kama roho yangu. Siku ukivitaka, unaniita tu." Mama Kijino alimshukuru machozi yakimlengalenga. Fisi naye alikuwa akilengwalengwa, ila yake yalikuwa mate.

Maana Fisi alikuwa amesikia habari ya shimo katika kule kujisifu kwa Ngiri, naye alikwisha kupiga hesabu zake. Akiliwahi lile shimo, atakuwa na nyumba jirani na maji. Familia ya Ngiri itafika jioni ikose pa kuingia. Simba atakuja kunywa, atawakuta watoto nje, atakula. Na Simba akila hubakiza. Nyumba, vyombo, maji na chakula, vyote kwa siku moja, na jasho lake dogo tu.

Alikwenda kwanza kwa Sungura kuhakikisha habari ya desturi. Sungura aliyatazama yale mate yanayodondoka akajua yote yaliyobaki. Mdomoni bado alikuwa na karanga za Ngiri, na hata dalali ana siku zake za haya.

"Desturi ni hiyohiyo," alisema. "Lakini kuwa mwangalifu, ndugu yangu. Ukiacha hata kimoja nje, atatokea mtu akuletee ubishi. Ingiza vyote. Na kile kinu ndicho mkubwa wao. Ukikitia ndani usikiachie."

Fisi alipanga mali yote juu ya mkeka, akaung'ata pembe, akaukokota kwa njia ya mkato. Alifika shimoni familia ya Ngiri bado iko nyuma, inasubiri watoto wamalize kugombana. Akaanza kusukuma kwa pua. Mikeka iliingia, chungu kikaingia, kigoda kikaingia kwa matusi. Kilibaki kinu. Fisi alikiuma ukingoni kwa meno yote akasukuma kichwa kichwa, kama waingiavyo wanyama wanaojiona wana akili. Kinu kiliingia na Fisi akaingia nacho mpaka kiunoni. Kisha kinu kikakaa mkingamo, na wote wawili wakakwama.

Angekiachia tu angetoka. Kichwa chake kilikuwa huru, mabega yake yalikuwa huru. Kilichomzuia kilikuwa ndani ya meno yake mwenyewe, na meno ya Fisi hayakuwahi kuachia kitu tangu yaote. Akakaa hivyo, nusu mwenye nyumba, nusu mlango.

Jua lilikuwa limeshuka familia ilipofika ikiongozwa na Sungura. Watoto walikunywa maji mpaka matumbo yakasikika yakicheza. Ngiri hakutaka kupoteza muda. Aligeuka, akaipa nyumba mgongo, akapiga hodi akitazama mlima, na akarudi kinyumenyume kwa kasi ya baba anayewaonyesha watoto nyumba mpya.

Makalio yakagongana na makalio.

Ngiri alisimama. Akasogea mbele kidogo, akarudi tena kwa nguvu zaidi, akidhani labda mlango wa huku hufunguka kwa kusukumwa. Ndani kulisikika mguno.

"Mama Kijino," alisema, bado anatazama mlima, "nyumba hii ina manyoya."

Mkewe alikuja kuangalia. Aliona mkia mfupi, madoa, na miguu ya nyuma inayopepesuka, akajua ni nani. Aliinama akachungulia pembeni ya ubavu wake. Humo gizani aliona mikeka yake, kigoda chake, na kinu cha bibi yake, kimeng'atwa. Wakati huohuo, upande wa pili wa mlima, Simba alikohoa. Hakunguruma, alikohoa tu, kama mkubwa anayetaka wadogo wajue yuko njiani. Watoto waliacha kucheza wakaja kujibana miguuni mwa mama yao.

Ngiri alianza kumkemea Fisi atoke. Fisi hakujibu, kwa sababu kujibu kungekuwa kufungua mdomo. Ngiri alimvuta mkia, akamsihi, akamtukana mpaka na babu yake. Wapi. Kila akivuta, kinu kilizidi kukazana na Fisi akazidi kung'ata. Sungura alikuwa tayari juu ya jiwe, mahali ambapo Simba hafiki. Alitaka kinu kimcheleweshe Fisi nje tu; hakuwa amefikiria kwamba angekwamia mlangoni, na hilo alilikiri baadaye kwa sauti ndogo sana.

Mama Kijino aliwatazama watoto wake. Kisha akainama tena kwenye lile giza.

"Fisi," alisema, "kinu ni chako. Nimekupa. Na mikeka, na chungu, na kigoda. Sitavidai kesho wala keshokutwa. Watoto wangu hawa wananiona, nami natamka mbele yao. Vyote ni vyako."

Sauti ilimkatika alipotaja kinu, lakini alimaliza. Mtu mwingine yeyote, akipewa vyote hivyo, angetosheka akabaki kimya na mali yake. Lakini huyu alikuwa Fisi.

"Na mchi je?" alisema.

Hapo mdomo ulifunguka, na kinu kikamponyoka kikabingirika ndani. Ngiri alivuta mkia kwa mara ya mwisho na Fisi akachomoka, akaangukia mgongo.

"Mchi ninao mwenyewe," Mama Kijino alisema, akaushika mkongojo wake kwa mikono miwili.

"Unao?" Ngiri aliuliza, akiwa bado ameshika mkia usio wake.

Mchi ulimshukia Fisi kiunoni kwa namna ambayo kiuno kinachouma tangu uzazi hakiwezi kabisa. Fisi alilia na kucheka kwa pamoja, ile sauti anayoitoa mpaka leo. Mama Kijino hakungoja. Aliingia shimoni akaanza kuvitoa vyombo nje kimoja kimoja, kigoda, chungu, mikeka, yeye aliyevililia uani, akivirusha kama maganda ya ndizi. Kinu alikitoa mwisho, kwa kusukuma. Kilipomponyoka mikononi hakukitazama tena. Watoto wakaingia, makalio kwanza, akaingia yeye na mchi wake, na mwisho akaingia Ngiri, akaziba mlango kwa meno.

Jua lilizama. Simba alitokea, akanywa, akajifuta ndevu. Fisi, badala ya kukimbia, alikuwa amelikumbatia rundo lake akipiga kelele kwamba ameonewa, nyumba ni yake, na wale walio ndani hawana hata kijiko. Alitaka mfalme aamue.

Simba alimtazama Sungura juu ya jiwe. Sungura alikohoa akaisema desturi.

"Kilicho nje hakihesabiwi, mfalme wangu. Hebu tuulize, ndani kuna chombo?"

Ngiri alipauka. Ndipo ile desturi ilipomrudia kichwani, yote, na aibu yake. Lakini mgongoni mwake aliguswa na kitu kirefu. Alijisogeza kidogo na ncha ya mchi ikatokeza mlangoni, ina unga unga.

"Nyumba ni ya Ngiri," Sungura alisema.

Simba hakuwa akisikiliza. Alikuwa akilitazama rundo, na kwa kuwa tangu azaliwe hakuwahi kuona kitu akadhani ni cha mwingine, uso wake ulianza kung'aa.

"Hatimaye," alisema, "kuna aliyekumbuka kuniletea kiti."

"Ni vyangu, Mzee," Fisi alisema. Simba alimgeukia taratibu. "Vyako, Mzee," Fisi alisema.

Simba alikipindua kinu akakikalia, akaona kinamfaa. Akaamuru Fisi avibebe vyote na amfuate navyo kila aendako, ili mfalme asikose pa kukaa. Fisi, akiwa bado na tamaa ya kuona vitakapoishia, aliuliza kwa unyenyekevu nyumba ya mfalme iko wapi, apate kuvipanga.

"Nyumba ya nini?" Simba alisema. "Mimi nalala popote."

Basi Fisi alijitwika kinu, chungu, kigoda na mikeka, akaondoka nyuma ya mfalme asiye na nyumba. Anazunguka naye hivyo hadi leo, na ndiyo maana mgongo wake umeshuka upande wa nyuma, kwa mzigo na kwa ule mchi.

Ndani ya shimo mlikuwa na giza na joto. Walilala wamebanana, mguu wa huyu sikioni mwa yule. Kijino aliuliza chumba chake ni kipi. Mama yake akamwambia ni hichohicho alichokilalia. Ngiri alitaka kusema neno kuhusu mkongojo, akafikiria kidogo, akaona afadhali akorome. Safari hii hakuna aliyelalamika, kwa sababu hapakuwa na chumba kingine cha kukimbilia, na mchi ulikuwa umelazwa mlangoni kuwa komeo.

Aliyejua kuachia alipata pa kuishi, na aliyeshikilia vyote anatembea navyo kichwani. Mimi nimefika mlangoni, nageuka, naingia kinyumenyume. Mwenye swali akamwulize Fisi, ila asimwendee kwa nyuma.